Chacha Marwa Kumi na Mmoja

Ndugu zangu, jina la Bwana libarikiwe, lakini mnisamehe, leo sikuja na vigelegele. Nimekuja na hasira. Mchungaji amenipa nafasi ya kumshukuru Mungu, na nitamshukuru, maana sasa hivi ningekuwa kaburini. Ila kabla ya shukrani, acheni niseme ukweli.

Mimi ni Ghati, mzaliwa wa Kenyamonta, mnanijua. Dhahabu ilipoanza kuvuta watu, nilipata kazi kwenye karasha la Mzee Magige, barabara ya kwenda Tarime. Wachimbaji wanaleta mifuko ya mawe, mashine inasaga, kila mtu anaondoka na unga wake kwenda kuuosha. Mimi nilikuwa mpokea mifuko. Sasa mnajua majina yetu sisi Wakurya. Mtoto anapewa jina la babu, na babu naye alipewa la babu yake. Majina hayaongezeki, wanaoongezeka ni watu! Basi akija Chacha Marwa namuuliza, "Wewe ni Chacha yupi?" Anajibu, "Wa Bhoke, wa Nyanungu," yaani jina la mama yake na kijiji chake. Nafunga kwenye kila mfuko wake kipande cha kitenge chekundu. Akija Chacha wa Robi, namfungia cha kijani. Miaka minne sikupoteza hata jiwe la mtu.

Ndipo Mzee Magige akaenda semina pale Bomani, akarudi amewaka. Biashara ya kisasa! Asiyebadilika atakufa! Sikumpinga, kubadilika si dhambi. Akamleta mtaalamu kutoka Mwanza, bwana mmoja wa viatu vyeupe, na kishikwambi, na mashine ya kuchapa stika. Yule bwana hakuniuliza swali hata moja. Hata moja, ndugu zangu! Alitazama vitambaa vyangu akacheka. "Mama, hii ni kampuni au kwa fundi cherehani?" Watu wote wakacheka. Mzee Magige naye akacheka. Vitambaa vikatupwa jalalani, na mimi nikabandikwa jina, Mama Matambara.

Mfumo wao ulitaka jina na namba ya simu. Lakini wateja wengi laini zao ni za Kenya, si mnatujua sisi wa mpakani, na namba ya Kenya mfumo ulikuwa unaikataa. Mtaalamu akasema, "Acha wazi, jina linatosha." Linatosha! Siku ya tatu nikaandika Chacha Marwa. Kishikwambi kikaniambia: Jina hili limeshasajiliwa. Endelea? Kidole changu kikabaki hewani. Nilijua, ndugu zangu. Nilijua kabisa kwamba huyu si yule! Lakini nilikumbuka kile kicheko, nikasema moyoni, si wenye akili ni wao? Ngoja waone. Nikabonyeza Endelea. Wiki nzima nikawa nabonyeza kila jina lilipojirudia. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na sitaki mtu anipunguzie.

Chacha Marwa wa Nyanungu alikuwa ameleta mifuko mitatu, jasho lake na la mdogo wake kiangazi kizima. Chacha Marwa mwingine, wa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, alileta minne. Mfumo ukaona mtu mmoja mwenye mifuko saba. Ikasagwa yote pamoja, na yule wa ng'ambo akakabidhiwa unga wote. Alipoona umekuwa mwingi akadhani ni baraka. Akaenda mpaka kanisani kwao kushuhudia kwamba Bwana amemzidishia!

Asubuhi moja yule wa Nyanungu akaja kuulizia mifuko yake. Nikatazama stoo, hakuna kitu. Nikamjibu lile neno la kijinga tulilofundishwa, "Mfumo unaonyesha umeshachukua."

"Nimechukua lini, Mama Ghati? Mimi si ndiyo nafika sasa hivi kutoka nyumbani?"

Akaenda kwenye pikipiki yake, akachomoa panga, akawaita vijana wenzake. "Mura, wametuibia hawa!" Mnajua neno la wizi likitamkwa kwetu linafanya nini. Kufumba na kufumbua uwanja umejaa, huyu na panga, huyu na jiwe. Mtaalamu yuko Mwanza. Lakini Mzee Magige alikuwepo! Alipanda gari lake akatokea geti la nyuma, akaniacha peke yangu kwenye kiofisi cha bati. Hadi leo hajanieleza kwa nini.

Mawe yakaanza kulia kwenye bati. Nikapiga magoti nyuma ya meza. Maombi yangu hayakuwa marefu. Nilisema, "Yesu, nilinyamaza kwa kiburi. Nitoe hapa, nami nitasema yote." Nikasimama, nikafungua dirisha, nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizopewa: "Chacha Marwa wote, nyoosheni mikono!"

Haleluya! Kelele zikakatika. Ukapanda mkono mmoja. Wa pili. Wa tano. Ikafika kumi na moja. Na yule wa Nyanungu naye akanyoosha, panga likiwa humo humo mkononi! Wakabaki wanatazamana. Masanja, mchimbaji aliyetoka Shinyanga, akaangua kicheko, "Kumbe mfumo umewafanya wote mtu mmoja!" Uwanja mzima ukacheka. Nikaeleza yote palepale dirishani huku nalia, hata habari za kidole changu. Hakuna aliyenigusa. Yule wa ng'ambo alipigiwa simu na dada yake aliyekuwepo pale uwanjani, na kesho yake akaja mwenyewe na dhahabu, akasema, "Mama, nilimshukuru Mungu kwa mali ya mtu." Wakagawana kwa amani.

Mzee Magige alirudi mambo yametulia, akataka kukitupa kishikwambi mto Mara. Nikakataa! Nikamwambia kishikwambi hakina kosa, kosa ni kwenda kununua akili mbali na kutupa iliyokuwepo. Mtaalamu naye akaja, eti mfumo hauna nafasi ya jina la mama. Nikamwambia, "Weka! Kompyuta haina mama, sisi tunaye." Akaweka. Jina la mama, kijiji, na picha ya mfuko na kitambaa chake. Leo mtu anakaa Nyanungu, anaulizia kwa simu kama zamu yake imefika. Makarasha mengine yanakuja kujifunza kwetu. Na yule mtaalamu, nasikia anazunguka huko akisema, "Tulibuni." Tulibuni! Bwana amenizuia kutukana, lakini hajanizuia kusema.

Ndugu zangu, mwaminini huyu Mungu. Aliniokoa mimi niliyekuwa na kosa, tena mchana kweupe, mapanga yakiwa nje. Kama yupo hapa aliyeona ubaya kazini akanyamaza, kwa hofu, kwa kiburi, au kwa kulinda cheo, aje mbele tuombe naye. Asingoje bati lianze kulia. Nani wa kwanza?

Mzee Magige?

Mpisheni njia, ndugu zangu, mpisheni. Shikamoo, mzee. Bado nina hasira na wewe, lakini njoo.