Mwalimu Kifundo, Aliyepita Nyumba kwa Nyumba

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mwalimu Kifundo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alisoma hadi darasa la nane, akaacha mwaka 1964 baba yake alipougua.

Mwaka 1966 aliajiriwa kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu. Kila mchezaji alipojiandaa kupiga, yeye alizima mashine. Walidhani ni adabu, kumbe alikuwa akiwakodolea macho mikono. Kufikia 1974 alikuwa mwalimu wa gofu, na somo lake kuu lilikuwa moja: fimbo ikigusa mpira, kunja kifundo cha mkono, uuchote mpira upae.

Mwaka 1983 mwanafunzi wake, binti fundi cherehani, alimjia na bandeji mkononi. "Mwalimu, kila nikichota nagonga udongo. Sasa hata mkasi sishiki."

Marehemu hakubishana naye. Alipiga mipira peke yake siku nne, polepole, akiangalia mikono yake mwenyewe, ndipo alipong'amua. Fimbo inapogusa mpira, kifundo cha kushoto hunyooka na mikono hutangulia kichwa cha fimbo. Mikono hugeuka baadaye, yenyewe, fimbo ikimalizia mzunguko. Kwa miaka tisa alikuwa amefundisha kinyume.

Angeweza kukaa kimya. Badala yake alipanda baiskeli, akawatembelea wanafunzi wake wote ishirini na watatu. Dereva mmoja mstaafu alimjia juu: "Miaka tisa unanifundisha makosa?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nisamehe. Ukiwa tayari, tuanze upya."

Saba hawakurudi tena, na jambo hilo lilimkaa rohoni miaka mingi.

Fundi cherehani alirudi. Walifunga ndoa tarehe 11 Agosti 1985, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume. Huyo fundi ndiye mama yetu, na akiulizwa alimpendea nini, hujibu: "Wanaume wanaojua kila kitu nilishawachoka. Huyu alikuja mlangoni kusema amekosea."

Mwezi Februari 2019 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Aliendelea kufundisha akiwa kwenye kiti cha plastiki, kwa mdomo tu, na mdomo huo ulifika mbali. Hata mama tabibu wa viungo, aliyekuja kumnyoosha mkono, alipata somo: "Taratibu, mama. Usiulazimishe, mkono unaijua njia." Tabibu alicheka, akalegeza.

Mwaka huu kifua kilimzidia. Alifariki wodini tarehe 9 Juni 2023, saa mbili asubuhi, mkewe akimchana nywele.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na wanafunzi waliojaa hapa hadi wengine wamesimama nje.

Pumzika, Baba. Umetufundisha vya kutosha. Ulale kwa utulivu.