Wasifu wa Marehemu Aliye Hai

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu basi, maana mkininyamazia nitarudi kukaa.

Mnanijua. Mimi ni mama Neema wa Lanham, yule anayepika chai baada ya ibada na kugombana na wanaomaliza sukari. Mwezi wa kumi na moja mume wangu alisimamishwa na polisi barabarani kwa sababu ya taa ya nyuma ya gari. Wakaangalia makaratasi yake ya kuishi nchi hii, yamekwisha muda. Hakurudi nyumbani. Wakamweka jela, asubiri hakimu aamue kama atarudishwa Tanzania.

Niliona aibu. Nasema wazi, aibu! Nikawaambia mliyoyasikia: baba Neema amesafiri, mama yake anaumwa. Nikamfundisha na mtoto wangu wa miaka minane aseme hivyo hivyo. Mlango ukigongwa, roho inaruka. Chakula hakishuki. Kazini, kwa wazee ninaowahudumia, nalia chooni. Ninyi mnaimba nyimbo za Majilio, mimi natafuna midomo.

Jumapili ya pili ya Majilio dada mmoja akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Machozi yakanitoka. Nilikuwa namlilia mume wangu. Yule dada akanikumbatia, akasema, "Amekwenda? Pole sana, Mungu amempenda zaidi." Ndugu zangu, sikukanusha! Kwa kunyamaza tu nikamuua mama mkwe wangu, mtu mwenye afya zake, ambaye Ijumaa tuliongea kwa simu akilalamika kwamba jirani anamwibia ndizi.

Jumapili ya tatu, ile ya mshumaa wa furaha, mkaja kwangu baada ya ibada kunipa pole. Mlijaa hadi kwenye ngazi, na masufuria ya pilau, na khanga mmejifunga viunoni. Nilikaa katikati yenu kama mwizi anayengoja kutajwa. Neema akaninong'oneza kwa Kiingereza chake, akiuliza kama kweli bibi amekufa. Mzee wa kanisa akavaa miwani, akatoa karatasi na kalamu. "Mama Neema, tupatie wasifu wa marehemu. Aliitwa nani, na alizaliwa mwaka gani?"

Jina lilikuwa mdomoni. Ningelitaja, mngelia, mngeomba, mngekula mkaondoka, na siri yangu ingebaki salama. Lakini mtoto wangu alikuwa ananiangalia. Moyoni nikasema, Bwana Yesu, siwezi tena, nisaidie! Nikajisikia nikisema, "Hajafa. Hakuna msiba. Mume wangu yuko jela."

Ndugu zangu, nilidhani mtabeba masufuria yenu muondoke. Mzee akavua miwani. Ndipo Mama Beatrice, dada yetu wa Bukavu, akasema, "Sasa kama hakuna mwenye alikufa, hii chakula iko ya nini? Tukule! Na papa Neema, tutaenda kumuona siku gani?" Mmoja akacheka, mwingine akacheka. Nikacheka na mimi huku nalia, mpaka mbavu zikauma. Nilipokea furaha siku ile, na mume wangu bado yuko ndani!

Sikusimama hapa kwa sababu ameachiwa. Hajaachiwa. Hakimu atasikiliza shauri lake baada ya mwaka mpya, na anaweza kumrudisha. Naogopa, siwadanganyi tena. Lakini sasa nalala, nakula, na mtoto wangu hana uongo wa kukariri. Jana mume wangu alipiga simu, nikamwambia kanisa limejua. Akauliza, "Wote?" Nikamwambia wote. Akalia kama mtoto, kisha akasema, "Basi waje."

Namshukuru Mungu, nanyi nawashukuru! Jumamosi saa tatu asubuhi tunaondoka hapa kanisani kwenda kumwona. Na wewe ambaye kila wiki unatuambia ndugu yako amesafiri, nakujua, maana nimepita hapo. Mtegemee Yesu, hatakuaibisha. Nafasi kwenye gari ipo. Niambie jina lake tu, tukamwone na yeye.