Mzee Hebu na Propela ya Boti ya Zahanati

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Hebu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya boti. Jina lake kamili liko kwenye faili. Sisi tumemzoea kwa neno lake, "Hebu tuone," analolisema kabla ya kushika spana, na hata kabla ya kuonja chai.

Alianza kama mpaka rangi. Akahamia kwenye injini kwa sababu, anavyosema mwenyewe, rangi ikishakauka haina maswali tena.

Wengi tutamkumbuka kwa boti ya zahanati, ile inayovusha wagonjwa. Injini yake ni ya zamani, na mwaka juzi ilianza kulemewa: ikipakia wagonjwa ilinguruma, ikatoa moshi, ikaenda mwendo wa bata. Uongozi ukaamua iondolewe majini mwisho wa mwezi. Kwetu sisi wa ng'ambo, tusio na zahanati upande wetu, hiyo ilimaanisha mama mwenye uchungu azungushwe kwa gari nusu siku nzima.

Mzee Hebu alishikilia kwamba injini ni nzima, ila inaonewa. Propela yake ilikuwa na mabawa yenye mpindo mkali, ambayo kila yakizunguka yanasukuma maji mengi. Injini ikiwa mpya huyamudu. Ikizeeka, haifikii tena kasi yake. Basi akafunga propela yenye mpindo mdogo kidogo, akatoka kuijaribu na nahodha, wote wawili wembamba kama fito. Mshale wa kupima mizunguko ya injini ukasimama pazuri. Wakarudi wanacheka.

Kesho yake wagonjwa wakapanda. Bata yule yule.

Mwingine angenuna. Yeye alipanda kama abiria, akabanwa katikati ya kina mama, vikapu na ndoo, na kabla ya kufika zahanati akaanza kucheka peke yake. Alikuwa ameichagulia propela boti tupu, na boti tupu haimpeleki mtu zahanati.

Akafunga nyingine, yenye mpindo mdogo zaidi, akatuita karakana nzima. "Leo hakuna mwenye kazi. Pandeni!" Mtunza stoo, mnene wetu, akauliza, "Mzee, unapima propela au unanipima mimi?" Akajibiwa, "Vyote. Kaa nyuma." Mimi nilipanda na binti yangu mgongoni, amelala fofofo baada ya kunikesheza usiku kucha. Boti ikasita, ikainua pua, ikakata maji. Mshale ukapanda polepole hadi karibu na mstari mwekundu, ukomo wa kasi ya injini, ukatulia hapo. Tulianza kushangilia, akatunyamazisha: turudie, huenda ni upepo. Tukarudia. Haukuwa upepo. Nahodha akaonywa kwamba boti ikiwa tupu asiipe mafuta yote, injini itazunguka kupita kiasi.

Mwisho wa mwezi ukafika, boti ikabaki. Wapo watoto wa ng'ambo yetu waliozaliwa zahanati, ambao mama zao hawajui hata propela ni kitu gani, na hawana haja ya kujua.

Mzee wetu, asante kwa kutofanya haraka kuwa na jibu. Ijumaa jioni utavuka kwa boti hiyo kwenda kwako, ukiwa abiria. Tafadhali kaa mbele, mbali na injini. Nahodha ameshaambiwa asikupe usukani wala bisibisi, na mkeo ameunga mkono. Pumzika, ule vizuri, ucheze na wajukuu. Maisha mema, Mzee Hebu. Ukisikia injini inakohoa, geuka upande wa pili: hiyo sasa ni yetu.