Ignas Mihayo na Mvua Iliyofungiwa Mwezini

Padri, Mzee Sikujua, mwanangwa wetu na mkuu wa kijiji hiki, ndugu, majirani, na ninyi wachimba kaburi mliokalia majembe yenu pale kwenye ua wa minyaa, mimi ni Makoye, mdogo wake marehemu, na familia imeniagiza niyasome maisha yake bila kuruka jambo, kwa sababu kaburi limefika magotini na kazi imesimama, na Mzee Sikujua amenieleza kwa upole kwamba hakuna anayekataa kumzika Ignas, ila watu wanataka kujua kwanza kama aliifungulia mvua au ameondoka nayo, maana mbegu za pamba zina wiki ya tatu ardhini na wingu halijaonekana. Nitafika huko, lakini historia ya mtu huanza na kuzaliwa, na leo hamtanikimbiza.

Ndugu yetu Ignas Mihayo alizaliwa hapa Kishapu tarehe 3 Mei 1908, kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, ingawa mama yetu mpaka anafariki alishikilia kwamba ulikuwa msimu wa kupanda mtama, na kwa kuwa Mama alikuwepo na aliyeandika cheti hakuwepo, familia inaziheshimu tarehe zote mbili. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1919 hadi 1923, akafika darasa la nne, akajua kusoma, kuandika na kubishana, na hili la tatu hakufundishwa na mtu.

Tarehe 1 Machi 1937 aliajiriwa katika mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, kwenye chumba cha taa, akiwapa taa wanaoshuka na kuzipokea kwa wanaopanda, kazi aliyoifanya miaka kumi na minane bila kupoteza taa hata moja, na bila yeye mwenyewe kushuka hata siku moja, kwani alisema mtu mwenye akili haingii nyumba ambayo hamjui mwenyeji wake. Tarehe 12 Juni 1938 alifunga ndoa na Mbuke, binti wa Kharumwa, ambaye sote tunamwita Mama Zipora, wakajaliwa watoto watatu, Zipora, Donatus na Klara, wote wapo hapa, na wote wamerithi kubishana.

Mwaka 1941 injinia mmoja wa Kizungu alihama akaacha sanduku la riwaya, habari za watu waliopanda hadi mwezini kwa mitambo, waliochimba hadi kitovu cha dunia, na wachawi waliopigana kwa radi, na marehemu akazisoma zote kwa msaada wa kamusi, mara tatu tatu, kisha akatangaza kwamba ni nzuri lakini zina kasoro kubwa, kwa kuwa katika vitabu vyote vile hakuna hata mtu mmoja aliyetambika kabla ya safari, ndiyo maana walipata taabu nyingi njiani. Mwaka 1946 akaanza kuandika ya kwake, katika madaftari, ili kurekebisha.

Katika riwaya hiyo zimwi la chuma linanyonya mawingu yote ya dunia na kuyafungia katika sanduku huko mwezini, na fundi mmoja wa kike, Minza, anaunda chombo cha mabati, anakipaka dawa ya bibi yake, anaruka kwenda kuikomboa mvua, akifuatana na mashujaa sita na mtu mmoja aitwaye Mdogo Mtu, mvivu anayelala ghalani na kula michembe ya wenzake, viazi vikavu walivyovikausha kwa jasho lao. Nimeulizwa mara nyingi kama Mdogo Mtu ni mimi. Kwa miaka kumi na moja nimejibu kwamba si mimi, na kwa miaka kumi na moja mmecheka.

Kila likizo alikuja kuisoma mnadani, na wauza ng'ombe waliwaacha ng'ombe wao wakaja kukaa chini, mpaka mwaka 1949, alipoisoma sura ya zimwi kufunga sanduku, na mvua ya mwaka huo ikakosekana kweli. Wazee wakamwita barazani, naye akajitetea kwamba ile ni hadithi ya kubuni, wakamjibu kwamba njaa si ya kubuni, wakamtoza mbuzi na kumpa hadi Jumapili aandike mvua. Akaandika kwa hasira, Minza akainua kifuniko nusu, na mvua ikanyesha nusu, upande huu wa mto tu, na wa ng'ambo hawajamsamehe hadi leo. Tangu hapo kila Oktoba mlimletea kuku, naye kuku aliwakataa kwa maneno na kuwapokea kwa mikono.

Mwaka 1955 alistaafu kwa ugonjwa wa kifua. Mwezi Agosti mwaka huu, 1957, alilifunga tena sanduku, akisema riwaya ilidai hivyo, na Mama Zipora akamwambia, "Baba Zipora, funga mlango wa nyumba yako, mvua ya watu iache." Hakusikia. Septemba alilazwa hospitalini siku arobaini, na mimi nililala sakafuni kando ya kitanda chake siku zote arobaini, na ni kweli kwamba nililala sana. Alirudi nyumbani, akafariki Alhamisi, tarehe 21 Novemba, saa nne asubuhi, bila kusema neno juu ya sanduku.

Sasa naongeza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi hii. Leo asubuhi, majembe yaliponyamaza, niliingia ghalani kutafuta nguvu ya kusimama mbele yenu, nikatia mkono katika chungu cha michembe, na mkono ukatoka na daftari la tisa la riwaya yake, nasi sote tulijua manane tu. Alilificha mahali alipojua kwamba ni mtu mmoja tu angepita.

Katika daftari hilo dawa imekwisha nguvu, mashujaa sita wameanguka, Minza analia, na Mdogo Mtu, aliyelala safari nzima, anaamka na njaa, anaona sanduku, anadhani ni la michembe, analifungua lote. Chini yake kaka yangu ameandika: "Makoye, ni wewe. Ulilala, lakini hukuniacha." Nimeudhika na kitabu hiki miaka kumi na moja, na leo kimeniliza, ndugu zangu, kimeniliza sana.

Kwa hiyo, Mzee Sikujua, naripoti rasmi kwamba sanduku li wazi, ukurasa wa sitini na mbili, na aliyelifungua ni mimi, basi naomba mwinue majembe.

Familia inawashukuru madaktari na madresa, wale wauguzi wa wodini, waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa chumba cha taa waliosafiri kutoka Geita, Padri, na ninyi majirani, wabeja sana, hata ninyi wa ng'ambo ya mto. Kaka Ignas, taa yako tumeipokea, pumzika kwa amani, na sisi utuache tulowe.