Jina la Titus Osiako Liko Wapi Kwenye Ripoti?

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Titus Osiako anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya kupima vigae hapa Kakamega. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimempikia chai miaka hiyo yote. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo nitaandika vile ninajua, na asiyependa afunge hiki kijitabu cha sherehe ya kumuaga.

Osiako alitoka Butere akiwa kijana mwembamba, akaletwa kufagia. Mwaka haukuisha kabla hajapewa mashine ya kukandamiza. Vigae vyetu ni vile vigumu vya kuwekwa ndani ya mabomba ya moto ya viwanda vya sukari. Kigae kikipasuka, bomba linatoboka, na aliye karibu anaungua. Osiako hukibana polepole, akipima kimebonyea kiasi gani, kitu chembamba kuliko unywele, kisha anakipaka wino nyufa zionekane. Tena anasikiliza, maana kigae hulia tik kabla ya kupasuka. Ukikohoa wakati huo, atakuangalia mpaka utoke nje.

Sasa nikubali kosa langu, maana wengine hapa hawakubalinga yao. Mwaka 2019 kikaango changu kilitoboka. Nikachukua kigae cha duara kwa meza ya Osiako, nikakaangia njugu juu ya makaa wiki nzima, na kila nikimaliza nakitumbukiza kwa maji baridi. Nikakirudisha kimeoshwa safi, kama hakijaguswa.

Kigae hicho kilipasuka kabla ya nusu ya mzigo wake. Injinia Kipchirchir, mkubwa wetu, alikuwa amekichora kwenye kompyuta na kukikandamiza humo kwa hesabu, na kompyuta ikasema kitastahimili. Basi ikasemwa mashine ni mbovu, na Osiako amezeeka. Osiako alikinusa kile kigae, akaja jikoni, akaniuliza kama njugu zimebaki.

Mwingine angenishtaki. Yeye aliazima jiko langu, akachoma na kupoza vigae arobaini, kimoja kimoja. Vyote vilipasuka mapema kwenye mashine. Kumbe moto na baridi vikifuatana hutia nyufa ndogo ambazo kompyuta haikuambiwa. Hesabu za kompyuta zikarekebishwa kwa vipimo vyake.

Ripoti ya vipimo hivyo ikatoka na majina matano ya walioifanya kazi. Nilimpa mjukuu wangu Ashley anisomee mara mbili. La Osiako halimo. Penye shukrani wameshukuru mashine.

Ripoti hiyo inachapishwa upya mwezi ujao, na nimeiweka hapo meza kuu pamoja na kalamu. Injinia, ingokho, yaani kuku wetu, imeiva na ugali wa obusuma uko tayari, lakini sufuria zimefunikwa na mwiko ninao mimi. Andika Titus Osiako, la kwanza, kwa herufi za kusomeka.

Osiako, asante kwa kutonishtaki, na kwa watu ambao hawakuungua. Tunakutakia miaka mingi ya utulivu huko Butere, wewe na mkeo Rachael. Leo sahani ya kwanza ni yako, ukishaliona jina lako.

Zilpah Muhonja, jikoni