Sista Elinipendo na Neno Alilolipiga Marufuku

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu kazini, Sista Elinipendo Lyimo, muuguzi wa kliniki yetu ya macho ya watoto, anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 2025. Hiyo miezi mitatu ameisisitiza mwenyewe. Anayemfahamu hatashangaa, maana hajawahi kukubali kipimo cha kukadiria.

Alifika Oktoba 1991, binti mwembamba kutoka Machame, akapangiwa watoto wachanga waliozaliwa na mtoto wa jicho. Mwaka 1994 alimruhusu Isack wa Kibosho, mwenye miezi minne, baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Kwa furaha akamwambia mama yake kwamba mwana amepona. Mama aliamini, angefanyaje? Hakurudi tena kliniki. Alipoletwa miaka minne baadaye, presha ya macho ilikuwa imeshalizima jicho la kushoto.

Mtoto aliyepasuliwa akiwa mchanga anaweza kupata presha hiyo baada ya miezi, au hata miaka mingi. Maji ya ndani ya jicho hukosa njia ya kutoka, yakaukandamiza mshipa wa kuonea, na mara nyingi mtoto halalamiki chochote. Dawa ni kupima, na kupima tena.

Sista alichukua jani la sale, ambalo kwa Wachagga ni ishara ya kuomba msamaha, akapanda Kibosho kumwomba radhi mama Isack. Alisamehewa, akapewa na mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Isack leo ana nyumba yake Shirimatunda na hana kinyongo, lakini Sista mwenyewe bado hajajisamehe sawasawa. Tangu siku ile neno "amepona" lilipigwa marufuku kliniki. Mimi nilirudi kazini baada ya mafua, akawatangazia wenzangu kwamba Crispin anaendelea vizuri na ataangaliwa tena Jumatatu.

Kichanga akilia, kipimo cha presha hudanganya. Kwa hiyo Sista aliagiza vichanga waletwe wakiwa na njaa, wanyonye wakati wa kupimwa, naye aguse jicho kwa kipimo taratibu mtoto akiwa hana habari. Bibi mmoja wa Kibosho alishindwa kuvumilia, akamlisha mjukuu mtori kwa siri stendi. Mtoto alikataa titi, akapiga kelele jengo zima likasikia. Tulisubiri kwa saa tatu hadi njaa ikamrudia. Sista hakumgombeza bibi. Alimwamkia shikamoo, kisha akamwomba kilichobaki kwenye chupa.

Ubunifu wake mkubwa ni kliniki ya Krismasi. Aligundua kwamba namba za simu zinabadilishwa na familia zinahamia Dar, ila Desemba kila Mchagga anarudi mlimani. Basi akapanga vipimo vya mwaka wiki ya Krismasi, na matangazo yakasomwa kanisani Jumapili. Sisi tulinuna, maana tulitaka kwenda kuchinja nyumbani kama wengine. Watoto walikuja.

Desemba 2012 hakuja Herieth wa Kirua Vunjo, aliyepasuliwa akiwa na miezi miwili. Alikuwa na miaka saba, anasoma vizuri, na bibi yake hakuona sababu ya kumsumbua. Sista alipanda kwa miguu siku ya mapumziko yake. Bibi alimweleza kwa heshima kwamba mtoto ni mzima, anachuma hata kahawa. Sista hakubishana. Alimsimulia habari za Isack, bila kuficha kosa lilikuwa la nani. Kesho yake walishuka wote watatu, na presha ilikuwa juu mno macho yote mawili. Alipasuliwa wiki hiyohiyo. Daktari alisema mwaka mmoja zaidi, tungekuwa tumechelewa.

Wasifu huu nimeuandika mimi, lakini leo ukumbini anausoma Herieth, mwanachuo wa ualimu, kwa macho yake mwenyewe. Nina hakika Herieth anapofika hapa, Sista hasikilizi sifa zake, anamwangalia mboni. Kipimo cha Herieth kinachofuata ni tarehe 14 Januari, cha kwanza bila Sista. Tulikuwa na hofu kwamba wengi walikuwa wanamfuata yeye, si kliniki. Herieth ameahidi kuja, na kuwaleta wenzake sita wa Kirua waliopasuliwa kama yeye.

Asante sana, Sista. Upumzike kihambani kwako, kwenye shamba la nyumbani, kwa amani, kahawa na ng'ombe wakutunze. Kwa kukuheshimu, hatutasema umemaliza kazi. Unaendelea vizuri, na Desemba tutakutazamia kliniki.