Daktari Bujiku na Goti la Nyanjige

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Vuta kigoda ukae, punguza moto chini ya sufuria, maharage hayataungua ukinipa muda kidogo. Mimi ni Felisita wenu. Leo tunamkumbuka Daktari Josia Bujiku, mpasuaji wa mifupa, aliyefariki Jumapili nyumbani kwake hapa Bariadi. Josia Bujiku, mpasuaji wa mifupa. Kama umewahi kuvunjika mguu katika nchi hii ya pamba na ng'ombe, huenda mikono yake ilikupitia.

Baba yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na Josia alikulia mnadani. Juzi nilikwenda kumpa pole mjane wake, Mama Justina. Akaniambia, "Baba mkwe hakununua ng'ombe kabla ya kumzunguka. Anamtazama mbele, anamtazama ubavuni, anamtembeza. Wauzaji walimchoka. Na mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Hata mimi alinizunguka miaka miwili ndipo akaleta posa!" Alicheka, halafu akalia. Nami nikalia naye, siwafichi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwanzoni mwa kazi yake, hospitali ilikuwa na eksirei ya kawaida tu, tena jengo la pili. Daktari akiunga mfupa kwa skrubu, anategemea macho na vidole. Picha inapigwa baadaye, jeraha limeshashonwa.

Ndivyo alivyomtibu Mashimba, mkulima wa Mwandoya, aliyepandwa gotini na gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe. Picha ya mbele ilionyesha mfupa umekaa sawasawa, na watu wakampongeza daktari. Lakini goti la Mashimba halikukunjika. Wiki nyingi zikapita. Ndipo ikapigwa picha ya ubavuni, na skrubu moja ikaonekana imetokeza nje ya mfupa, imeingia kwenye kiungo, pale ambapo pia ya goti huteleza. Kila Mashimba alipojaribu kukunja mguu, chuma kilikuwa kikisaga ndani. Daktari akaitoa skrubu ile, lakini goti lilikuwa limekwisha kuharibika. Likabaki limenyooka kama mchi.

Angenyamaza, nani angejua? Mashimba mwenyewe alidhani ni mapenzi ya Mungu. Daktari akaketi kitandani kwake, akamwita kama mwanamume anavyomwita mwenzake, "Ngosha, ni mimi. Skrubu niliiweka vibaya mimi." Tangu hapo, kila mwaka baada ya mavuno, alikwenda Mwandoya kumsalimia Mashimba, wakanywa maziwa pamoja.

Kisha soko huria likaingia. Mnakumbuka? Malori ya wanunuzi binafsi yakajaa barabarani, kila mmoja na mzani wake, na kila mzani na tabia zake. Miaka hiyo ndipo marafiki wa hospitali huko ng'ambo walipotuma mashine iliyokwisha kutumika kwao. Ilikuwa eksirei ya magurudumu, yenye mkono mkubwa uliopinda kama mundu. Mkono huo huzungushwa mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji, na picha inaonekana papo hapo kwenye kioo.

Ilifika Malampaka kwa treni ya mizigo, ikapakiwa kwenye lori. Wakulima waliokuwa stesheni wakaona ule mkono wa chuma uliopinda, wakalizingira lori. "Mzani mwingine huu! Wamekuja kutuibia pamba!" Daktari akapanda juu ya lori kuwatuliza. Akasema, "Wazee wangu, huu haupimi pamba. Huu unaangalia mifupa." Bibi mmoja akajibu, "Basi uanze na yangu, imepungua na hakuna aliyenilipa." Watu wakaangua kicheko, lori likapita.

Haukupita muda akaletwa Nyanjige, binti wa kijiji cha Nkoma. Alikuwa ameposwa, harusi baada ya mavuno. Alianguka kutoka juu ya marobota ya pamba kwenye lori, akavunjika mfupa wa paja, chini kabisa, karibu na goti. Hakuuliza kama atatembea. Aliuliza jambo lingine. "Daktari, nitaweza kupiga magoti? Nisipopiga magoti nitamsalimiaje mama mkwe? Watasema wameoa kiburi."

Wasikilizaji wa hapa nyumbani mnaelewa. Kwetu, bibi harusi anayesalimia amesimama wima, hiyo ndoa imeanza kwa kuchechemea.

Nesi Wilhelmina, ambaye sasa amestaafu, alikuwamo chumbani siku hiyo. Anasimulia: "Tulivaa zile aproni nzito za kuzuia mionzi, jasho linatiririka. Nyanjige alikuwa macho, amechomwa ganzi ya mgongoni. Skrubu zikaingia. Picha ya mbele, safi kabisa. Daktari akasema, zungusheni mashine tuone ubavuni. Umeme ukakatika hapo hapo. Jenereta nayo ikagoma."

Jeraha liko wazi. Ganzi haidumu milele. Daktari Marcelo, mwenzake aliyekuwa akisaidia, akasema, "Bujiku, picha ya mbele imetosha. Tufunge. Tukikawia, jeraha litaingia vijidudu." Na hakukosea, wasikilizaji. Kukawia kulikuwa na hatari yake.

Daktari Bujiku akajibu, "Picha ya mbele inanionyesha urefu wa skrubu. Hainiambii kama iko mbele ya mfupa au katikati. Goti la Mashimba nalo lilikuwa safi kwa mbele." Akafunika jeraha kwa vitambaa safi vyenye maji ya dawa, akasimama pale pale, mikono ameikunja kifuani asiguse kitu. Akaanza kumuuliza Nyanjige habari za ng'ombe wa mahari. Wangapi? Wa rangi gani? Dume wao ana nundu? Nje, fundi alikuwa anafungua jenereta. Dizeli ilikuwa na maji.

"Binti akaanza kusema anahisi vidole vya mguu," anasema nesi Wilhelmina. "Nikamtazama daktari. Ndipo tukasikia jenereta inanguruma."

Mkono wa mashine ukazungushwa. Picha ya ubavuni ikatokea kwenye kioo. Skrubu ya mbele ilikuwa imetoka kwenye mfupa, imeingia njia ya pia ya goti. Pale pale kama kwa Mashimba. Nyanjige akaongezewa ganzi kwa sindano nyingine, na daktari akaitoa skrubu, akaielekeza nyuma kidogo, picha, akasukuma, picha, mbele na ubavuni, mpaka ikalala katikati ya mfupa. Ndipo akafunga.

Nyanjige alichelewa kuolewa msimu mmoja. Alipoolewa, daktari na Mama Justina walialikwa. Mama mkwe alikaa kwenye kiti, na Nyanjige akapiga magoti yote mawili, taratibu, akasalimia, akainuka bila kushikwa mkono. Wanawake wakapiga vigelegele wakidhani wanashangilia adabu.

Mama Justina anasema mumewe hakula chakula cha harusi. "Aliniambia, twende Mwandoya. Sasa hivi. Nikasema nguo zitachafuka. Akasema, zichafuke." Wakamkuta Mashimba anachambua pamba, mguu umenyooka mbele yake mkekani. Daktari akamweleza yote. Mashimba akauliza, "Binti amepiga magoti?"

"Amepiga."

"Yote mawili?"

"Yote mawili, ngosha."

Mashimba akalipapasa goti lake lililokaza. Akashukuru, "Wabeja. Basi moja ni langu."

Mama Justina, watoto na wajukuu, poleni sana. Bariadi inalia nanyi, Nkoma inalia nanyi, na Mwandoya pia. Mungu amlaze Daktari Josia Bujiku pema. Na wewe unayenisikiliza, labda kuna nyumba unayoikwepa, unapita njia ya mbali kwa sababu ya jambo ulilomtendea mtu wa humo. Leo pita njia ya karibu. Piga hodi, useme, ni mimi.